Mpira wa Sialkot na Sauti ya Wenye Viwanda

Utamaduni wa taifa haumo katika ngoma, mashairi na masimulizi peke yake. Umo pia katika michezo, kwani uwanjani ndipo vijana wanapojifunza kushirikiana, kutii sheria, kushinda bila ya kiburi na kushindwa bila ya chuki. Kwa sababu hiyo shule zetu zimeipa michezo mahali pake katika malezi, na Tanzania iliunda Baraza la Michezo la Taifa kwa sheria ya mwaka 1967. Hata hivyo, tunapofundisha historia ya michezo, aghalabu tunaanzia pale kipenga kinapopulizwa na kumalizia pale kikombe kinapotolewa. Ni mara chache tunapouliza mpira wenyewe umetoka wapi, umeshonwa na mikono ya nani, na ni nani aliyeamua ushonwe kwa masharti gani.

Swali hili halikuwa na haja wakati ambapo watoto wa nchi zetu walicheza kwa mpira wa matambara au wa majani makavu ya mgomba, uliofungwa kwa kamba ya katani. Aliyeutengeneza ndiye aliyeucheza, na ulipofumuka aliufunga tena. Mpira wa dukani umekata uhusiano huo. Mchezaji hamjui mshonaji, wala mshonaji hamjui mchezaji. Kati yao wamesimama wakala, mwenye kiwanda, msafirishaji, kampuni yenye nembo na mwenye duka. Wote hao, isipokuwa mshonaji, wana vyama vya kuwasemea.

Katika insha hii tunakusudia kueleza habari za vyama hivyo, yaani vyama vya watengenezaji na wauzaji wa vifaa vya michezo, na jinsi vinavyozishawishi serikali na mashirika ya dunia. Ili maelezo yetu yasielee hewani, tutafuata mfano mmoja: mji wa Sialkot nchini Pakistani, na mapatano yaliyotiwa saini mwaka 1997 juu ya watoto walioshona mipira huko. Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo. Tutaona jinsi methali hiyo ilivyotimia mbali sana na pwani yetu.

Mji na ufundi wake

Sialkot ni mji wa jimbo la Punjab, karibu na mpaka wa Kashmir. Jina la mji huu si maarufu kwetu, ingawa Punjab yenyewe si ngeni katika historia yetu. Mafundi na vibarua wengi walioletwa na Waingereza kujenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria, kuanzia mwaka 1896 hadi 1901, walitoka katika jimbo hilo. Wapenzi wa fasihi huujua mji wa Sialkot kwa sababu nyingine: ndipo alipozaliwa, mwaka 1877, mshairi mkubwa Muhammad Iqbal.

Katika karne ya 19 Waingereza waliweka kambi ya jeshi mjini humo. Maofisa wao walipenda kriketi, polo, magongo na tenisi, na vifaa vyao viliagizwa kutoka Uingereza kwa meli. Kifaa kilipovunjika, kungoja kingine kulichukua muda mrefu. Kwa hiyo walikwenda kwa mafundi wa mjini, ambao tangu zamani walisifika kwa ustadi wa mikono. Mafundi hao walianza kwa kukarabati, wakaendelea kwa kuiga, na mwisho wakatengeneza vya kwao. Ilipofika mwishoni mwa karne hiyo, vifaa vya michezo vya Sialkot vilikuwa vikiuzwa nje ya mji, na baadaye nje ya Bara Hindi.

Mwaka 1947 Bara Hindi liligawanywa kuwa nchi mbili, India na Pakistani. Wahindu na Masingasinga wengi waliokuwa na karakana Sialkot walikimbilia upande wa India, wakaanzisha kazi ile ile katika miji ya Jalandhar na Meerut. Mafundi Waislamu waliobaki Sialkot, pamoja na wakimbizi waliofika kutoka upande wa pili, waliiendeleza kazi hiyo mahali pake pa asili. Hivyo ufundi mmoja ukawa na nyumba mbili zilizotenganishwa na mpaka.

Bidhaa iliyoupatia Sialkot jina kuliko zote ni mpira wa kandanda. Kuanzia Kombe la Dunia la mwaka 1970 mpira wa vipande 32, yaani 20 vyeupe vya pembe sita na 12 vyeusi vya pembe tano, ulienea duniani kote. Mpira wa namna hiyo unahitaji mshono wa mkono, na mikono yenye ustadi ilikuwa Sialkot. Katikati ya miaka ya 1990 ilikadiriwa kwamba karibu robo tatu ya mipira yote iliyoshonwa kwa mkono duniani ilitoka katika mji huo na vijiji vinavyouzunguka.

Inafaa tuieleze kazi yenyewe, maana bila ya kuijua hatutaelewa kilichobishaniwa baadaye. Kiwandani hukatwa na kupigwa chapa vipande vya mpira, kisha vipande vya mpira mmoja hufungwa pamoja na uzi na kibofu chake. Mshonaji huketi kwenye kigoda, akabana vipande viwili kwa kibano kirefu cha mbao alichokishikilia kwa magoti, akapitisha sindano mbili kutoka pande mbili zinazokabiliana, kisha akauvuta uzi uliopakwa nta kwa nguvu zake zote ili mshono usiachie. Mpira hushonwa ndani nje, halafu hugeuzwa, na mishono ya mwisho hufungwa bila ya kuonekana. Mishono hiyo huzidi 600. Mtu mzima mwenye ujuzi huweza kumaliza mipira mitatu hadi mitano kwa siku. Uzi hukata vidole, mgongo huinama na macho huchoka.

Kazi hiyo, kwa sehemu kubwa, haikufanyika kiwandani. Wakala alichukua vipande, akavigawa majumbani vijijini, na baada ya siku chache akarudi kukusanya mipira iliyokwisha. Malipo yalikuwa kwa kila mpira, na wakala alikata sehemu yake. Mwenye kiwanda hakuwajua washonaji kwa majina, hakuwaandikisha, wala hakuwalipia matibabu au kiinua mgongo. Mama alishona baada ya kupika, baba alishona baada ya kutoka shamba, na watoto walishona pamoja nao. Wengine walishona baada ya masomo, na wengine badala ya masomo.

Vyama vya wenye viwanda

Wakati mshonaji alikuwa peke yake nyumbani kwake, wenye mali walikuwa wamekwisha kujipanga zamani. Nchini Marekani watengenezaji wa vifaa vya michezo waliunda chama chao mwaka 1906, na chama hicho kingali hai, ingawa mwaka 2012 kilibadili jina. Huko Ulaya shirikisho la namna hiyo lilianzishwa mwaka 1960. Mwaka 1978 likaundwa Shirikisho la Dunia la Viwanda vya Vifaa vya Michezo, lenye makao yake Uswisi, ambalo Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki inalitambua kuwa ndilo msemaji wa viwanda hivyo.

Kazi za vyama hivi ni za namna tatu. Kwanza, hushughulikia ushuru wa forodha. Viatu, nguo na mipira hutengenezwa katika nchi moja na kuuzwa katika nyingine, na kila asilimia ya ushuru huingia katika hesabu za faida. Kwa hiyo vyama hupeleka wajumbe wao mbele ya wabunge na mawaziri kuomba ushuru upunguzwe. Pili, hushughulikia viwango na sheria, hasa zile zinazohusu usalama wa vifaa na dhima ya mtengenezaji mchezaji anapoumia. Tatu, hujitahidi kuongeza idadi ya watu wanaocheza, maana anayecheza ndiye anayenunua. Mfano mzuri ni ruzuku za elimu ya viungo ambazo serikali ya Marekani ilianza kuzitoa kwa shule mwaka 2001. Chama cha watengenezaji kilikuwa miongoni mwa waliozitetea kwa nguvu, na mwaka hata mwaka kimewapeleka wanamichezo mashuhuri katika Bunge mjini Washington, wakaonane na wabunge na kuzungumzia afya ya watoto. Mbunge anayeweza kumkatalia mfanyabiashara hushindwa kumkatalia shujaa wa utoto wake.

Tusifikiri kwamba kila ushawishi ni hila. Mtoto wa shule aliyepata uwanja na mwalimu wa mazoezi kwa ruzuku zile alifaidika kweli, hata kama aliyeziombea alikuwa na duka moyoni. Wala ushawishi si mali ya nchi tajiri peke yake. Sialkot yenyewe ina chama cha watengenezaji na wauzaji wa vifaa vya michezo katika nchi za nje, na tangu mwaka 1982 ina Chama chake cha Biashara na Viwanda. Wafanyabiashara wa mji huo wamejulikana kwa umoja wao. Mji hauko baharini, lakini waliweka bandari kavu ili mizigo yao ikaguliwe na forodha papo hapo badala ya kusubiri Karachi. Baadaye walichanga fedha zao wakajenga kiwanja cha ndege cha kimataifa, kilichofunguliwa mwaka 2007, cha kwanza nchini humo kujengwa na watu binafsi. Watu wenye umoja wa namna hiyo wanapozungumza, serikali husikiliza.

Dhoruba ya mwaka 1996

Habari za watoto wanaofanya kazi zilikuwa zimekwisha kuanza kuitikisa dunia. Mwaka 1992 uliletwa katika Bunge la Marekani mswada wa kuzuia bidhaa zilizotengenezwa na watoto. Mswada huo haukupitishwa, lakini habari zake peke yake ziliwatia hofu wenye viwanda vya nguo nchini Bangladesh, wakawafukuza watoto kwa maelfu. Ilipochunguzwa baadaye, ilionekana kwamba wengi hawakwenda shuleni. Walikwenda kuponda mawe na kuchuuza barabarani, kazi mbaya kuliko ile waliyofukuzwa. Kutokana na hali hiyo, chama cha wenye viwanda vya nguo cha Bangladesh kilitia saini mapatano na Shirika la Kazi Duniani na UNICEF mwaka 1995, ili watoto waondolewe kazini kwa utaratibu na kupelekwa shuleni. Mwaka huo huo, huko Punjab, aliuawa Iqbal Masih, mtoto aliyekuwa mtumwa wa deni katika karakana ya mazulia na ambaye baadaye alizunguka nchi za nje kuwatetea wenziwe. Kifo chake kilisikika duniani kote.

Ndipo mpira wa kandanda ulipoingia katika mjadala. Mwezi Juni 1996 jarida la Life la Marekani lilichapisha makala juu ya watoto wanaoshona mipira Pakistani, pamoja na picha ya mtoto akiwa na mpira wenye nembo ya kampuni inayojulikana na kila kijana. Wakati huo huo mashindano ya mataifa ya Ulaya yalikuwa yakichezwa Uingereza, na macho ya mamilioni yalikuwa juu ya mpira. Watetezi wa haki za wafanyakazi walianzisha kampeni nchini Marekani, vyama vya wafanyakazi vya kimataifa viliungana nao, na wazazi walianza kuuliza maswali madukani. Uchunguzi uliofanywa mwaka huo kwa Shirika la Kazi Duniani ulikadiria kwamba zaidi ya watoto 7,000 wenye umri wa miaka 5 hadi 14 walikuwa wakishona mipira Sialkot kama kazi yao ya kila siku.

Hapa pana jambo ambalo msomaji hana budi kuliangalia kwa makini. Mwezi Septemba 1996 Shirikisho la Kandanda Duniani, FIFA, lilikubaliana na vyama vya wafanyakazi vya kimataifa juu ya kanuni za kazi kwa mipira yenye alama yake. Kanuni hizo zilikataza kazi za watoto, na zaidi ya hapo zilizungumzia haki ya wafanyakazi kuunda vyama vyao, haki ya kujadiliana na mwajiri, ujira unaotosha maisha, saa za kazi na usalama. Kwa maneno mengine, zilimtaja mtoto pamoja na mama yake na baba yake.

Vyama vya wenye viwanda viliona hatari pande mbili. Upande mmoja kulikuwa na mnunuzi aliyeweza kuukataa mpira. Upande wa pili kulikuwa na madai mapana ya wafanyakazi, ambayo yangegusa bei yenyewe. Kunyamaza kusingefaa tena, na kukana kusingeaminika. Wakachagua njia ya tatu, nayo ni kufanya mapatano yao wenyewe kabla ya kufanyiwa na wengine.

Mapatano ya Atlanta

Tarehe 14 Februari 1997, katika mji wa Atlanta nchini Marekani, wakati wa maonyesho makubwa ya biashara ya vifaa vya michezo, yalitiwa saini mapatano yanayojulikana mpaka leo kwa jina la mji huo. Waliotia saini ni watatu: Chama cha Biashara na Viwanda cha Sialkot, Shirika la Kazi Duniani, na UNICEF. Vyama vya wenye viwanda vya Marekani na shirikisho lao la dunia viliyaunga mkono, na Wizara ya Kazi ya Marekani ilichangia fedha za utekelezaji. Shirika la Save the Children la Uingereza nalo lilishiriki katika kazi iliyofuata vijijini.

Mapatano yalikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilihusu kuzuia na kukagua. Mtengenezaji aliyejiunga kwa hiari alitakiwa, katika muda wa miezi 18, aandikishe mawakala wake, washonaji wake na mahali wanaposhonea, ahakikishe kwamba hakuna mwenye umri chini ya miaka 14, na akubali kutembelewa na wakaguzi bila ya kupewa taarifa. Kwa kuwa haiwezekani kukagua maelfu ya nyumba, ushonaji ulipaswa kuhamishwa kutoka majumbani kwenda katika vituo maalum. Sehemu ya pili ilihusu hifadhi ya jamii. Watoto walioondolewa kazini wapatiwe elimu, na familia zao zisaidiwe kupata njia nyingine za kipato, kama mikopo midogo.

Hatuna budi kuwa waadilifu katika kuyapima mapatano haya. Yalikuwa hatua kubwa. Kabla yake, mwenye kiwanda aliweza kusema kwamba yanayotendeka nyumbani kwa mshonaji hayamhusu. Baada yake, alikuwa amekiri kwa maandishi kwamba yanamhusu. Ukaguzi ulifanyika kweli, vituo vilifunguliwa, na watoto wengi waliingia madarasani. Fundisho la Bangladesh lilizingatiwa, kwani watoto hawakufukuzwa kwa siku moja. Mwaka 2003 ukaguzi ulikabidhiwa chombo huru cha hapo hapo Sialkot. Nchini India pia, wenye viwanda wa Jalandhar walianzisha mpango unaofanana na huo mwishoni mwa miaka ya 1990.

Lakini tulinganishe mapatano haya na zile kanuni za Septemba 1996. Mtoto yumo. Ujira wa mtu mzima haumo. Haki ya kuunda chama haimo. Mtoto hakupelekwa kushona kwa sababu wazazi wake hawakumpenda. Alishona kwa sababu mipira aliyoshona baba na mama haikutosha unga, mafuta na dawa. Uchunguzi wa Save the Children uliochapishwa mwaka 1997 uliwasikiliza watoto wenyewe pamoja na wazazi wao, ukaonyesha wazi kwamba umaskini wa nyumba ndio uliowaita kazini, na ukaonya kwamba kuwaondoa bila ya kuinua kipato cha nyumba kungewaumiza wale wale waliokusudiwa kuokolewa. Mapatano yalikubali kuliondoa tunda, bali mti hayakuugusa.

Wanawake wasiokuwepo mezani

Walioumia zaidi walikuwa wanawake. Katika vijiji vya Punjab mila ya sitara ina nguvu. Mwanamke mwenye heshima zake haendi ovyo mahali pa mbali, penye wanaume wasio jamaa zake. Kushona nyumbani kulikuwa ni mojawapo ya njia chache za yeye kupata fedha kwa jasho lake huku akiangalia watoto na kuzitunza desturi za ukoo. Kazi ilipohamishiwa vituoni, wengi waliikosa. Wengine walikatazwa na waume zao, wengine hawakuwa na usafiri, na wengine walikuwa na watoto wachanga wasio na pa kuwaacha.

Hakuna aliyewakusudia ubaya wanawake hawa. Walisahauliwa tu. Mezani pale Atlanta palikuwa na msemaji wa wenye viwanda, msemaji wa kazi na msemaji wa watoto. Mshonaji mwanamke hakuwa na chama, wala jina lake halikuwa katika daftari lolote, maana mfumo wa wakala ulikuwa umemficha kwa miaka mingi. Ilibidi baadaye, baada ya malalamiko, viruhusiwe vituo vidogo vya wanawake ndani ya vijiji, vyenye washonaji wachache tu, ili baadhi yao warudi kazini. Marekebisho hayo yalisaidia, ila yalikuja baada ya nyumba nyingi kulala njaa.

Mwaka 2006 jambo jingine lilitokea. Kampuni ya Nike ilitangaza mwezi Novemba kwamba inavunja mkataba wake na Saga Sports, mojawapo ya watengenezaji wakubwa wa Sialkot, kwa sababu ilibainika kwamba mipira ilikuwa ikishonwa tena majumbani kinyume cha makubaliano, na hivyo haikuwezekana kuwa na hakika kwamba watoto hawashoni. Kampuni ililinda jina lake. Washonaji kwa maelfu, wengi wao watu wazima wasio na kosa, walikabiliwa na kupoteza kazi. Mwaka uliofuata kampuni hiyo iliingia mkataba na mtengenezaji mwingine wa mji huo huo kwa masharti makali zaidi, kwamba kushona kufanyike kiwandani, na washonaji wawe wameandikishwa. Miaka kumi ilikuwa imepita tangu Atlanta, na ndipo suala la mshonaji kuwa mfanyakazi kamili, mwenye haki za mfanyakazi, lilipoanza kutajwa waziwazi.

Wakati huo huo ufundi wenyewe ulikuwa ukibadilika. Mpira wa Kombe la Dunia la mwaka 2006 haukushonwa kwa mkono, bali vipande vyake viliunganishwa kwa joto, na ulitengenezwa Tailandi. Ule wa mwaka 2010 ulitengenezwa China. Sialkot haikukata tamaa. Viwanda vyake vilijifunza utaratibu huo mpya, na mipira ya Kombe la Dunia ya mwaka 2014 na 2022 ilitengenezwa huko pia. Mji ulibaki na jina lake. Lakini kiwanda cha kuunganisha kwa joto huhitaji mikono michache kuliko vijiji vilivyoshona, na mshonaji asiye na chama hakuwa na mahali pa kuuliza atakwenda wapi.

Mafunzo kwetu

Tumeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu yana mafunzo matatu kwa walimu na wanafunzi wetu.

La kwanza ni kwamba kila kifaa tunachokitumia kina historia ya mikono iliyokitengeneza. Mwalimu anayegawa mpira kwa wanafunzi wake anaweza, katika dakika chache, kuwafundisha jiografia, historia na hesabu kwa kuwahesabisha vipande vyake na kuwauliza maswali juu ya safari yake. Mwanafunzi aliyefundishwa hivyo hataupiga mpira akidhani kwamba ulikua dukani.

La pili ni kwamba mapatano yoyote huchukua sura ya wale waliokaa kuyaandika. Mwanafunzi wa historia anaposoma mkataba, uwe ule wa Berlin wa mwaka 1885 au huu wa Atlanta wa mwaka 1997, asiishie katika kuuliza mkataba ulisema nini. Aulize pia ni nani walioalikwa, ni nani walioachwa, na ni neno gani lililotajwa katika mazungumzo ya awali ambalo halikuonekana katika maandishi ya mwisho. Kwetu sisi wa Afrika, swali hilo si geni. Tuligawanywa mezani tusipokuwepo.

La tatu, na ndilo kubwa, ni kwamba wenye viwanda hawakupata nguvu zao kwa fedha peke yake. Walizipata kwa kujipanga. Walikuwa na chama, ofisi, daftari la wanachama, mjumbe wa kutumwa na lugha ya pamoja. Vitu hivyo, isipokuwa fedha nyingi, vinaweza kupatikana na wakulima, wavuvi, mafundi na washonaji pia. Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Tumezoea kuisema methali hii katika sherehe. Wenye viwanda waliitumia katika biashara, na ndiyo maana mapatano ya Atlanta yalipoandikwa, maslahi yao yalikuwa na mtu wa kuyasemea katika kila sentensi.

Kazi ya watoto Sialkot ilipunguzwa, na waliofanya juhudi hiyo, wakiwemo wenye viwanda waliosukumwa na aibu, wastahili kushukuriwa. Deni lililobaki ni kwa mama anayeketi kizingitini na kibano magotini, akivuta uzi kwa mara ya mia sita. Siku atakapokuwa na chama chake na mjumbe wake mezani, ndipo tutakaposema kwamba mpira umechezwa kwa haki tangu ulipoanza kushonwa.